Fundi Anajibu: Trekta Lililosimama Kiangazi Kizima

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkulima wa Kibaigwa, Dodoma, na huwalimia watu kwa kukodi. Trekta langu, Massey Ferguson la zamani, lilimaliza kazi ya kupukuchua mahindi mwezi wa Julai na tangu hapo limesimama chini ya mwembe. Mwaka jana, mvua za kwanza ziliponyesha, liliwaka vizuri, likalima ekari mbili, kisha likaanza kukosa nguvu na kuzima kila baada ya muda mfupi. Nilipoteza wateja wa wiki nzima. Nifanye nini mapema? Tena, kijana wangu ambaye ni utingo hukaa juu ya madigadi usiku ili aliangalie plau. Je, kuna ubaya?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa dalili ulizozieleza, ninachokishuku kwanza ni maji ndani ya dizeli. Tangi likiachwa nusu kwa miezi mitatu au minne, hewa iliyo juu ya dizeli hupata joto mchana na kupoa usiku, unyevu wake ukageuka matone kwenye kuta za tangi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, matone hayo hushuka na kutulia chini kabisa. Hapo maji na dizeli vinapokutana huota utando mweusi wenye utelezi. Siku ya kwanza shambani mtikisiko huuchanganya wote, utando unakwenda kuziba filta, na injini inakosa nguvu. Ukizima na kupumzika kidogo linawaka tena, ndiyo maana watu wengi hukimbilia kulaumu pampu na kutumia fedha bure.

Basi anza sasa, usisubiri kuona wingu. Kinga chupa ya kioo chini ya filta ya dizeli, legeza skrubu ya chini, uache dizeli itiririke kidogo. Iache chupa itulie: maji utayaona yamejitenga chini, na juu yake dizeli. Ukiyakuta, mwaga dizeli yote iliyo tangini, safisha tangi, ufunge filta mpya. Baada ya hapo lazima utoe hewa: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho kwenye mabomba ya nozeli, yaani midomo inayonyunyizia dizeli ndani ya injini. Usikinge kiganja mahali dizeli inaporuka kutoka kwenye nozeli. Shinikizo lake hupenya ngozi, na hata kama tundu ni dogo kama la sindano, mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msimu ujao, kabla ya kuliegesha, jaza tangi pomoni.

Jambo la pili kwa uzito ni vumbi. Kama trekta lako lina chujio la hewa la bakuli la oili, lifungue, ulioshe kwa dizeli, uweke oili mpya mpaka kwenye alama na usipitishe, kwa maana ya ziada hufyonzwa na injini. Unapolima ardhi kavu, bakuli hilo likaguliwe kila siku. Makapi ya mahindi yaliyokwama kwenye radieta yapulizwe kutoka upande wa feni kwenda nje. Chungulia pia bomba la moshi, kwani nyigu hupenda kujenga humo. Betri, upepo wa matairi na grisi kwenye nipeli zote za plau ni kazi za asubuhi moja.

Kuhusu kijana, ubaya upo, na ni mkubwa. Akisinzia au gurudumu likiruka shimo, ataangukia kati ya gurudumu la nyuma na diski za plau, na hakuna dereva awezaye kusimama kwa wakati. Funga taa nyuma, mwondoe kwenye madigadi. Wakati wa kupukuchua nako, hakikisha shafti ya PTO, yaani ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine ya kupukuchua, ina kifuniko chake. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Niliwahi kuona pindo la kanga ya mama aliyekuwa akizoa mahindi likinaswa. Kilichomwokoa ni kwamba kanga ilikuwa imefungwa kwa kulegea, ikamtoka yote mwilini kabla hajapiga kelele.

Swali: Trekta likizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, sisi hufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili lijipandishe. Mzee mmoja ametukataza. Je, yuko sahihi? (Msomaji, Maswa)

Jibu: Yuko sahihi kabisa, mshukuruni. Gogo likigota kwenye tope, magurudumu hayawezi tena kuzunguka, lakini injini bado inasukuma. Nguvu hiyo hulizungusha trekta lenyewe: pua inainuka, na kabla ya sekunde mbili kwisha dereva ameshalaliwa. Mguu hauwahi klachi. Ndiyo sababu Sweden ililazimisha fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka kwenye matrekta mapya tangu 1959. Kama lenu linayo, msiikate ili lipite chini ya miti, na dereva afunge mkanda. Kama halina fremu, mkanda usifungwe.

Likizama, fungueni plau kwanza. Chimbeni nyuma ya magurudumu, kisha lirudishwe kinyumenyume kwa gia nzito na mafuta kidogo, kwani likirudi nyuma pua hubaki chini. Likikataa, livutwe na trekta jingine, nalo linalovuta lifungwe kwenye ndoano yake ya chini, kamwe si juu ya ekseli. Watu wote wasimame mbali kupita urefu wa waya unaovutia, kwa sababu ukikatika hurudi kama mjeledi.