Filamu huru za Kitamil: usizionee, usizionee huruma

Aliyezoea filamu kubwa za Kitamil za Chennai, kusini mwa India, zenye nyimbo, mapigano na mapumziko katikati, akifungua filamu huru, yaani iliyotengenezwa nje ya tasnia hiyo kubwa, kama Kottukkaali (2024) ya P. S. Vinothraj, huenda akadhani sauti ina hitilafu. Hakuna muziki wa kusindikiza. Kuna bajaji, pikipiki, jogoo wa kafara na jamaa wanaobishana njiani. Kabla hujaandika katika uhakiki wako kwamba filamu imepungukiwa, jiulize: kisichokuwepo kimekosekana kwa ufukara au kwa uamuzi? Jibu litafute ndani ya filamu yenyewe. Meena, msichana anayepelekwa kwa mganga ili atolewe mapenzi moyoni, hunyamaza karibu safari nzima. Kunyamaza ndiko kukataa kwake, na muziki ungemsemea. Huo ni uamuzi.

Nasir (2020) ya Arun Karthick ipime vivyo hivyo. Fremu yake ni ya 4:3, karibu mraba, nayo inambana muuza sari wa mji wa Coimbatore nyumbani na dukani. Anayeiita picha ya kizamani hajaitazama.

Lakini uamuzi nao unaweza kuwa mbaya, na hapa wahakiki wengi hulegea. Mwendo mrefu wa baba na mwana juani katika Koozhangal (2021) unastahili kuhojiwa: kila baada ya dakika chache, je, kuna kilichobadilika kati yao? Tazama mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili andika dakika ya kila onyesho unalolitilia shaka. Onyesho likirudia jambo ulilokwisha kulijua, liseme na utaje dakika. Midomo isiyolingana na sauti, au mwigizaji asiye na uzoefu anayesubiri zamu yake ya kusema, ni kasoro hata bajeti ikiwa ndogo. Kumsifu mwongozaji kwa sababu tu hana fedha ni kumdharau.

Tena hakikisha kweli hana. Merku Thodarchi Malai (2018) ya Lenin Bharathi ilitayarishwa na nyota Vijay Sethupathi, na Kottukkaali ilitayarishwa na kampuni ya nyota mwingine, Sivakarthikeyan. Soma majina ya watayarishaji hadi mwisho.

Vaa spika za masikioni. Spika ya simu humeza sauti ndogo za upepo na nyayo, na filamu isiyo na muziki ikishapoteza hizo, inaonekana tupu bila kosa lake.

Jihadhari zaidi na manukuu ya Kiingereza, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kwa "wewe", Kitamil humwita mkubwa neenga, na mdogo, mtu wa karibu au anayedunishwa nee. Kiingereza hakina tofauti hiyo. Kijana akimwita mzee asiye wa karibu naye nee, huenda dharau ya tabaka imeshatamkwa, lakini kwenye skrini husomi chochote. Basi usiyahukumu mazungumzo kuwa makavu kabla hujamwonyesha mzungumzaji wa Kitamil maonyesho mawili matatu, hasa ya lahaja ya mji wa Madurai. Usipompata, andika wazi kwamba ulitegemea manukuu, na hukumu yako iishie kwenye picha, sauti na uigizaji.