Klorini Kila Siku, Bwawa Bado Kijani

SWALI: Bwawa letu lina urefu wa mita 8 na upana wa 4, kina mita 1 upande mmoja na 2 upande wa pili. Maji ni ya kisima. Kila asubuhi kijana anamwaga klorini ya unga, lakini jioni ukijani umerudi na watoto wanatoka macho mekundu. Tuongeze dawa au tupunguze?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Pimeni pH kwanza (kipimo cha uasidi wa maji). Klorini ya unga huipandisha, na pH ikifika 8 ni kama robo tu ya klorini inayobaki na nguvu ya kuua mwani, yaani huo ukijani. Macho nayo huwashwa na pH iliyopanda, pamoja na klorini iliyoshikana na jasho na mkojo (harufu kali ya bwawa hutokana na hiyo, si na usafi).

Ishusheni hadi 7.2–7.4 kwa asidi ya haidrokloriki. Tieni nusu lita ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya asidi, mwage pampu ikizunguka, kisha mpime tena baada ya saa 4. Asidi na klorini zisikutane kamwe: hutoa gesi ya sumu.

Dawa ya asubuhi inaliwa na jua la Dar kabla ya mchana. Mwageni jua likishazama. Bwawa lenu ni mita za ujazo 48. Kuua mwani kunahitaji gramu 10 za klorini kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 740 hivi za unga wa asilimia 65. Uyeyusheni kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, sugueni kuta, pampu ikeshe. Asiingie mtu mpaka kipimo cha klorini kishuke hadi 3 (miligramu 3 kwa lita).

Mwani ukifa huziba mchanga wa chujio. Geji ya presha ya chujio ikipanda nusu bar juu ya ilivyokuwa chujio likiwa safi, zimeni pampu, geuzeni valvu ili maji yapite kinyume, washeni dakika 2 au 3 mpaka kioo kionyeshe maji meupe. Zimeni, geuzeni valvu kwenye kusuuza, washeni nusu dakika, zimeni tena ndipo mrudishe mkono wa valvu mahali pake. Vijana wengi hugeuza mkono pampu ikiunguruma. Mpira wa ndani huchanika, na bwawa linapungua maji kila siku bila nyufa yoyote.

SWALI: Nimetia klorini kwenye maji mapya ya kisima, yamekuwa rangi ya chai. Dawa mbovu?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Dawa ni nzima. Kisima chako kina madini ya chuma, na klorini imeyageuza kutu. Endesha pampu saa 24, safisha chujio, rudia. Usiongeze klorini kwa kudhani ni uchafu.