Nani alisababisha mgogoro wa mikopo ya nyumba Marekani: mkopaji, benki au serikali?

Swali: Shikamoo dada. Nasoma diploma ya benki hapa Morogoro. Mwalimu katuambia ule mgogoro wa mikopo ya nyumba Marekani wa 2007 na 2008 uliletwa na watu wa kipato cha chini waliokopa wakijua hawana uwezo, na serikali iliyolazimisha mabenki yawakopeshe. Mwenzangu anabisha, anasema ni Wall Street, yale mabenki makubwa ya uwekezaji ya New York. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko karibu zaidi, ila hajamaliza. Mi nimekaa dawati la mikopo ya nyumba miaka 11 kwa hiyo nakujibu kama afisa mikopo, ukitafuta mwenye kosa anza na yule aliyesaini kuidhinisha, maana kazi yake ni moja tu, kuuliza huyu mtu atalipaje.

Kule waliacha kuuliza. Kulikuwa na mikopo ambayo mteja anataja tu kipato chake kwa mdomo, hakuna salari slipu, hakuna taarifa ya benki, na mkopo unapita. Sasa kwa nini mtu akopeshe hela hivyo? Kwa sababu hakai nayo. Kampuni kama Countrywide au New Century ilikuwa inatoa mkopo leo, baada ya muda mfupi imeshauuza Wall Street, hela imerudi inakopesha tena, kwa hiyo mteja akishindwa mwaka wa tatu hiyo hasara imeshakuwa ya mwingine. Na dalali aliyemleta mteja alilipwa siku ya kusaini, tena kuna malipo alikuwa anaongezewa akimpa mteja riba ya juu kuliko aliyostahili. Hebu fikiria hapo, mama wa watu anamwamini dalali kumbe dalali analipwa zaidi akimuumiza!

Halafu angalia mkopo wenyewe ulivyotengenezwa, hapa ndo naumia zaidi. Ulioenea sana kwa watu wenye historia mbovu ya mikopo ulikuwa wa miaka 30, miaka 2 ya mwanzo riba haibadiliki, 28 inayobaki inapanda na soko. Chukua dola 200,000 kwa riba ya asilimia 7, marejesho ni kama dola 1,330 kwa mwezi, baada ya miaka 2 riba ikifika asilimia 10 unalipa kama 1,740 na mshahara ni uleule. Mkopeshaji alijua hutaweza, alitegemea bei ya nyumba itakuwa imepanda uchukue mkopo mpya kulipia wa zamani, na yeye apate ada upya. Bei zilipoanza kushuka 2006 huo mlango ukafungwa. New Century ikafilisika Aprili 2007.

Wapo wakopaji waliodanganya kipato, ndio, siwatetei hao. Lakini fomu isiyotaka ushahidi haikutengenezwa na mkopaji.

Wall Street nao walichukua maelfu ya mikopo hiyo wakaifunga pamoja kama hatifungani za kuwauzia wawekezaji, wakaipeleka kwa makampuni ya kupima ubora kama Moody's na S&P, ambayo yanalipwa na huyohuyo anayeuza, yakaipa daraja la juu kabisa, AAA. Tume iliyoundwa kuchunguza mgogoro, ripoti yake ilitoka Januari 2011, iliangalia Moody's ikakuta za 2006 zilizopewa AAA, asilimia 83 zilikuja kushushwa daraja. AIG, kampuni kubwa ya bima, ikaziwekea aina ya bima bila kuwa na hela ya kulipa, Septemba 2008 serikali ikaikopesha dola bilioni 85 isianguke.

Anayesahaulika ni benki kuu yao, Fed. Wengi wanailaumu kwa kushusha riba mpaka asilimia 1 mwaka 2003, sawa, ila mi naona kosa kubwa ni jingine: sheria ya 1994 iliwapa mamlaka ya kuzuia mikopo ya nyumba ya kinyonyaji kwa wakopeshaji wote, na hawakuyatumia ipasavyo. Gavana mmoja wa humohumo ndani, Edward Gramlich, alimtahadharisha mwenyekiti Alan Greenspan mapema kabisa. Kanuni za maana zikaja kutoka Julai 2008, watu wameshanadiwa nyumba.

Sasa mwalimu wako. Hajatunga, kwenye ile tume wajumbe 4 kati ya 10 walikataa kusaini ripoti na mmoja wao aliandika kabisa kuwa sera ya nyumba ya serikali ndo chanzo. Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni yenye mgongo wa serikali yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kweli walinunua takataka nyingi na serikali ikawachukua Septemba 2008, ila waliingia kwa kasi wakati wengine wameshatangulia. Ile sheria inayosemwa ililazimisha mabenki ni ya 1977, miaka 30 kabla, na tume ilikuta ni asilimia 6 tu ya mikopo ya riba kubwa iliyohusiana nayo. Muulize pia kwa heshima, New Century haikuwa benki, hiyo sheria haikuigusa hata kidogo, nani aliilazimisha?