Sauti ya Satriani kwa gitaa la bei nafuu: anza na kapasita, pedali baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ya vijana hapa Morogoro, na siku hizi namsikiliza sana Joe Satriani, yule mpiga gitaa la roki wa Marekani. Gitaa langu ni la mtindo wa Stratocaster, la bei nafuu, lina hambaka moja (pikapu, yaani kidaka sauti ya nyuzi, yenye koili mbili) kwenye daraja na pikapu mbili za koili moja. Natumia kebo ya mita 6 na amplifaya ya transista ya wati 30. Nimenunua Boss DS-1 ya mtumba, pedali ya distoshani (ya kukwaruza sauti), kwa kuwa nimesikia naye aliitumia miaka mingi. Sasa sauti inakwaruza, bendi ikianza sisikiki, na nikipunguza voliumu ya gitaa inakuwa kama imefunikwa blanketi. Halafu kuna mvumo usiokoma. Nijichange ninunue Ibanez JS, gitaa lenye jina lake, au nitafute pedali nyingine alizonazo? Na wawa, ile pedali ya kukanyaga inayofanya gitaa litamke "wa-wa", inakaa kabla au baada ya DS-1?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Weka hela mfukoni kwanza. Kati ya yote uliyoandika, lililo kubwa ni lile la blanketi, na dawa yake ni kapasita moja ndogo ambayo fundi redio yeyote anayo kwenye kopo lake.

Kuhusu gitaa, Satriani alianza kushirikiana na Ibanez mwaka 1988, na magitaa ya JS yakafuata baadaye. Albamu iliyompa jina, Surfing with the Alien, ilitoka mwaka 1987, kabla JS halijazaliwa. Wakati huo alikuwa na Kramer Pacer na gitaa jingine la kuungaunga vipande. Kwa hiyo sauti inayokukosesha usingizi ilipatikana bila gitaa unalotaka kujichangia.

Hata hivyo, JS lina jambo moja la kuiga. Chukua JS1000: mwili wa mti laini wa basswood, hambaka mbili za kampuni ya DiMarzio, aina ya PAF Pro shingoni na ya Fred kwenye daraja, na trimolo (mkono wa kutikisa daraja) ya Edge inayofunga nyuzi. Hayo yote magitaa mengine nayo yana ya kwao. Angalia nobu zake mbili, maana zote zinavutika juu. Ukivuta ya toni, hambaka inafanya kazi kama pikapu ya koili moja. Ukivuta ya voliumu, unaingiza kichujio kinachopitisha sauti za juu, ili ukipunguza voliumu sauti isafike bila kufifia. Ndani ya kichujio hicho hamna muujiza wowote, ni kapasita ya takriban pikofaradi 330.

Kwa nini inahitajika? Voliumu ya gitaa ni potenshiometa, yaani rizista inayogawanywa na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Gitaa lenye hambaka kwa kawaida huwekewa ya kiloomu 500, la koili moja 250. Ukiwa kwenye 10, pikapu inaongea na kebo moja kwa moja. Ukipunguza hadi rizista igawanyike nusu kwa nusu, mawimbi yanayotoka yanakutana na ukinzani wa kama kiloomu 125 kabla hayajaifikia kebo. Na kebo yenyewe ni kapasita ndefu: kila mita ina karibu pikofaradi 100, hivyo mita zako 6 zina 600. Kiloomu 125 na pikofaradi 600 zikikaa pamoja, sauti zinaanza kuporomoka kuanzia hezi 2,100 hivi kwenda juu. Mlio wote wa ukucha na makali ya uzi yako huko. Potenshiometa za gitaa nyingi ni za logi, yaani hazishuki kwa hatua sawa, na kwa hizo ile nusu inafikiwa nobu ikiwa bado iko karibu na 8, ndiyo maana blanketi linaanguka mapema, ukipunguza kidogo tu.

Kama voliumu yako ni ya 250, nusu yake inatoa ukinzani wa kiloomu 62 na ushei, na mporomoko unaanza karibu na hezi 4,200. Si mbaya sana. Lakini magitaa mengi ya bei nafuu yenye hambaka yamewekewa 500, na lako linavyolalamika nadhani limo kundi hilo. Namba imeandikwa mgongoni mwa potenshiometa: A500K au B500K, ama A250K au B250K. Ukifungua utaiona.

Ukitaka kujiridhisha kabla ya kushika bisibisi, azima kebo ya mita 3 na uiweke kati ya gitaa na DS-1. Nyaya zinazofuata baada ya hapo hazina shida kubwa, kwa sababu DS-1 hata ikiwa imezimwa ina bafa ndani inayosukuma mawimbi mbele bila kuchoka. Kebo ya kwanza ndiyo mwizi. Ukiipunguza nusu, na ule mpaka wa hezi 2,100 unapanda mara mbili. Utasikia tofauti papo hapo.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nyuzi, fungua skrubu za lile plastiki la mbele, uligeuze taratibu bila kuvuta nyaya. Tafuta potenshiometa ya voliumu. Ina miguu mitatu. Mmoja umekunjwa na kuchomelewa mgongoni mwa potenshiometa yenyewe, huo ni ethi, usiuguse. Miwili iliyobaki, wa pembeni unapokea kutoka kwenye swichi ya pikapu, na wa katikati unakwenda kwenye jeki. Kapasita inakaa kati ya hiyo miwili, mguu mmoja huku na mmoja kule. Haina chanya wala hasi, hivyo usihangaike na upande. Tafuta ya kauri iliyoandikwa 331, maana yake 33 na sifuri moja, pikofaradi 330. Uwe macho usipewe 334: kwa jicho zinafanana, lakini hiyo ni kubwa mara elfu moja, na ukiifunga voliumu yako haitapunguza kitu. Visha miguu yake mipira ya waya isigusane na chasisi, pasha chuma cha kuchomea risasi vizuri, gusa sekunde mbili tatu, ondoa. Ukikawia unaunguza njia ya kaboni iliyo ndani, na potenshiometa inaanza kukwaruza kila ukizungusha.

Ukishafunga, washa pedali, weka voliumu kwenye 10 upige noti, kisha shuka hadi 5. Distoshani inapungua na kubaki na ukali kidogo wa kuuma, lakini noti bado ina ncha. Ukiona kwenye 2 au 3 imekuwa nyembamba mno, imebaki trebo tupu, ongeza rizista ya kiloomu 150 (kahawia, kijani, njano) mfululizo na kapasita, yaani kapasita inaishia kwenye rizista na rizista ndiyo inayoshika mguu. Wapiga solo wa dansi wanaopenda sauti safi wanapenda zaidi kuwa na rizista hiyo. Mimi kwa gitaa la roki naiacha nje.

Ukishapata voliumu inayotii, DS-1 inakuwa pedali nyingine. Boss waliitoa mwaka 1978 na umbo lake halijabadilika sana. Satriani alivyoitumia miaka ya 1990 ndipo watu wengi wanapokosea kumwiga: alikuwa anaiingiza kwenye chaneli safi ya Marshall 6100, amplifaya ya valvu, kubwa, iliyofunguliwa kweli. Pedali ilileta mkwaruzo, amplifaya na spika zikaleta mwili. Wewe una wati 30 za transista, na naweka dau kwamba umewasha distoshani ya amplifaya pia. Zima hiyo. Tumia chaneli safi.

Kisha kuna toni ya DS-1. Saketi yake, nobu ikiwa katikati, inachimba shimo karibu na hezi 500. Chumbani peke yako shimo hilo linapendeza, sauti inaonekana pana. Kwenye bendi ndipo unapozama, kwa sababu besi imekaa chini yake, sahani za drami juu yake, na wewe umejitoa katikati ambako gitaa lilitakiwa kusimama. Punguza nobu ya Tone chini ya katikati, Dist isizidi nusu, Level ipandishe hadi pedali ikiwashwa iwe na sauti kubwa kidogo kuliko ikizimwa. Halafu kwenye amplifaya pandisha mid (sauti za kati) bila aibu, punguza besi. Ukiwa peke yako utaona sauti imekuwa mbaya kama ya kipaza sauti cha mnadani. Subiri drami ziingie ndipo uhukumu.

Mwaka 2008 Vox walimtengenezea pedali yake, Satchurator, na mwaka 2012 Marshall wakatoa amplifaya ya JVM410HJS yenye jina lake. Hiyo ya pili ina jambo linalonifurahisha: waliondoa mwangwi wa ndani na badala yake wakaweka mageti ya kuzima kelele kwa kila chaneli. Mtu anayepiga kwa gaini kubwa kelele inamsumbua kuliko ukosefu wa mwangwi. Zote ni vitu vizuri. Hakuna hata kimoja kitakachokuondolea blanketi.

Wawa inakaa kabla ya DS-1, kama anavyoiweka Satriani. Ikiwa kabla, inachagua masafa gani yaingie kwenye distoshani, na noti inatamka kama mdomo wa mtu. Ukiiweka baada, inachuja sauti iliyokwisha kukwaruzwa na mfagio wake unakuwa mpana na mkali, mzuri kwa mara moja moja tu. Whammy ya DigiTech, ile inayorusha noti oktava juu kwa mguu, nayo ikae mbele ya distoshani, kwa sababu inafuatilia vizuri zaidi mawimbi safi. Dilei (ya kurudia noti) na korasi (ya kunenepesha sauti) ziwe nyuma, na kama amplifaya ina lupu ya efekti, yaani matundu ya kuunganishia pedali, nyuma ya kabati, dilei iingie humo. Amplifaya yako ndogo pengine haina, basi iwe pedali ya mwisho. Dilei ikitangulia distoshani, marudio yanakwaruzwa pamoja na noti mpya na unapata uji.

Tuje kwenye mvumo. Toa adapta, weka betri ya volti 9 ndani ya DS-1. Mvumo ukiisha, adapta ndiye mchawi. Hapa nina ombi kwa wasomaji wote: acheni kuchomeka adapta za kisimbuzi. Nyingi ni za volti 12 na chanya iko katikati ya pini, wakati Boss wanataka volti 9 na hasi katikati. Pedali nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimekufa hivyo. Ukitumia betri, chomoa kebo upande wa gitaa kwenye DS-1 ukimaliza, maana jeki hiyo ndiyo swichi yake, na ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Mvumo ukibaki hata kwa betri, shika nyuzi kwa mkono. Ukipungua, ni hali ya kawaida ya gitaa lisilo na kinga ya kutosha, na ukiwa kwenye pikapu za koili moja utausikia zaidi. Tumia hambaka ukiwasha distoshani. Usipobadilika kabisa, huenda waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja umekatika, na kwa kuwa unafungua gitaa kwa ajili ya kapasita, utauchomelea hapo hapo. Lakini kamwe usikubali ushauri wa kukata au kuziba pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo upungue. Nyuzi zako zimeunganishwa na ethi hiyo. Siku amplifaya ikivuja umeme na mdomo wako uko kwenye maiki ya mfumo mwingine, umeme utapitia kwako.

Ukifanya yote haya na bado moyo uko kwa JS, sikukatazi. Kwenye la mtumba kagua trimolo: ncha mbili za Edge zinazokaa kwenye skrubu ziwe kali, hazijaliwa, la sivyo gitaa halirudi kwenye tuni ukishatumia mkono. Na kabla ya kutoa hela punguza voliumu hadi 5, vuta nobu juu. Trebo isiporudi, mwenye gitaa wa kwanza alikata kapasita, na una sababu ya kushusha bei.