Toleo la famwea lisomeke hata bodi ikigoma kuwaka

Bodi iliyorudishwa na mteja ikifika mezani, jambo la kwanza ni kujua ina famwea (programu iliyo ndani ya chipu yake) ipi. Wengi hutegemea `__DATE__` na `__TIME__` (tarehe na saa ya kukompaili) ndani ya main.c. Tatizo ni kwamba kompaila hujaza maneno hayo pale tu faili hilo linapokompailiwa upya. Ukigusa uart.c peke yake, make, zana inayojenga upya mafaili yaliyobadilika tu, haina sababu ya kurudia main.c, na bodi itaendelea kutangaza saa ya jana.

Tenga faili dogo, version.c, na kwenye Makefile (faili la maagizo ya make) ulifanye litegemee lengo tupu liitwalo FORCE ili likompailiwe kila mara. Liingizie matokeo ya `git describe --tags --always --dirty` kutoka Git, zana inayotunza historia ya msimbo. Ukipata v1.4.2-3-g1a2b3c4-dirty, maana yake ni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) 3 baada ya tegi (alama ya toleo) v1.4.2, kisha utambulisho wa komiti, na mwisho kwamba kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. Famwea yenye -dirty isiende kwa mteja. Ila angalia: faili jipya ambalo Git haijawahi kulifuatilia haliamshi alama hiyo. Na seva ya kujengea ikivuta komiti ya mwisho tu, bila historia wala tegi, utabaki na utambulisho mtupu wa komiti usio na namba ya toleo.

Muundo wa data unaobeba taarifa hizi ni baiti 44: 4 za alama ya utambuzi, 3 za namba za toleo, 1 ya akiba, 4 za muda na 32 za maandishi ya Git. Namba ziwe namba kweli, kwa sababu ukilinganisha maandishi, "1.10.0" hutangulia "1.9.0" na kifaa hukataa sasisho halali.

Upe muundo huo sekisheni (sehemu ya faili la programu) yake, .fwinfo, pamoja na sifa ya `used` ili usifutwe kwa kuonekana hautumiki. Hiyo humzuia kompaila tu, linka (inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa) yenye `--gc-sections` bado itaifuta usipoandika `KEEP(*(.fwinfo))` kwenye skripti yake. Kwenye chipu ya STM32F103 iweke kwenye anwani 0x08000200, yaani baiti 512 kutoka mwanzo wa flashi, kwani jedwali la vekta (orodha ya anwani inayokaa hapo mwanzoni) halifiki baiti 512. Hapo ST-Link, kifaa cha kuunganisha chipu na kompyuta, huisoma hata programu ikiwa imeganda (ukiwa umefunga usomaji wa flashi, sahau njia hii).

Kuhusu muda, `__TIME__` hufuata saa ya kompyuta bila kutaja kanda: laptopu ya Nairobi na seva ya UTC zitapishana saa 3. Mimi ningechukua muda wa komiti, `git log -1 --format=%ct`, na kuuweka kwenye SOURCE_DATE_EPOCH (kigeu cha mazingira kinachoshika nafasi ya saa ya kompyuta), ambayo kompaila ya GCC huiheshimu tangu toleo la 7. Vinginevyo msimbo uleule hutoa faili tofauti kila ukijenga.

Mnaotumia chipu ya ESP32 msijisumbue: ESP-IDF, zana zake rasmi, tayari ina muundo kama huu, `esp_app_desc_t`, wa baiti 256.

Kabla ya kutoa, endesha `arm-none-eabi-objdump -s -j .fwinfo` juu ya faili la ELF (programu iliyotoka kwa linka). Ukiambiwa sekisheni haipo, anza na KEEP.