Kwa mwanachama mpya wa klabu ya huduma kijijini: kikao, kazi ya mikono na mnada

Ukijiunga na klabu ya huduma upande huu wa Tororo na Busia, mashariki mwa Uganda, kabla hujanunua fulana wala kulipa ada ya mwaka, omba uonyeshwe madaftari matatu: la mahudhurio, la kumbukumbu za vikao na la pesa. Huo si utovu wa adabu. Mwambie katibu kwamba unataka kujua walipofikia. Fungua kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho. Ukikuta jambo moja limeandikwa "linaendelea" mara zote tatu, bila jina la mtu wala tarehe, ujue hakuna anayelishughulikia. Ukikuta daftari la pesa limejazwa miezi sita kwa kalamu moja na mwandiko ule ule usiobadilika, huenda lilijazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Bado unaweza kujiunga, ila utakuwa umeshajua kazi yako ya kwanza ni ipi.

Usajili ni jambo fupi. Kikundi cha kijijini hupitia kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), yule tunayemwita CDO, kisha wilayani. Huwa wanataka katiba, orodha ya viongozi, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Toa nakala tatu za kila karatasi, maana benki nayo itazitaka siku ya kufungua akaunti, pamoja na kumbukumbu za kikao kilichowachagua watia saini. Watia saini wawe watatu, wawili watoshe kutoa pesa, na wasitoke nyumba moja.

Vikundi vingine vya kijijini vinadhaminiwa na klabu ya Rotary ya mjini, moja ya klabu za huduma za mtandao wa kimataifa. Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905, klabu ya Kampala ikapata hati yake mwaka 1957, na tangu 1986 upo mpango wa vikundi vya jamii ambavyo wanachama wake si Warotari, ila wanafanya miradi pamoja na klabu mdhamini. Mkiwa kwenye mpango huo, kumbukeni kwamba mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na uongozi hubadilika siku hiyo. Rais mliyezoea kumwandikia anatoka, na ombi lenu linabaki kwenye simu yake. Kila Julai andikeni barua upya kwa rais mpya, mwambatishe taarifa ya ukurasa mmoja yenye picha na nakala za risiti.

Kikao

Saa kumi jioni ndiyo saa inayofaa. Asubuhi watu wako shambani, na jua la saa saba halimruhusu mtu kutembea kilomita nne. Ijumaa mchana ni ya msikiti, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili ya kanisa. Zinabaki siku za katikati ya juma, toeni ile ya soko lenu. Kukitokea msiba kijijini, ahirisheni mara moja, mwende matangani. Klabu inayokaa kujadili ajenda huku jirani akizikwa haisamehewi haraka.

Dakika tisini zinatosha kikao cha kawaida. Katibu asisome kumbukumbu zote zilizopita, asome maazimio tu, na kila azimio liwe na nani, nini na lini. "Kamati itafuatilia" si azimio. "Mama mwenye duka la kona atapeleka barua kwa mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa" ni azimio. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaopaswa kuwepo, ya theluthi moja inafaa kwa mambo ya kawaida. Kwa kutoa pesa wekeni nusu, na iandikwe kwenye katiba. Faini ya kuchelewa iwe ndogo, kama shilingi 1,000, ilipwe papo hapo na iingie kwenye daftari la pesa. Faini kubwa huwafukuza wasio na kitu, mkabaki wenye maduka peke yenu.

Huku mpakani kikao kimoja kinaweza kuwa na Wateso, Jopadhola, Wasamia, Waganda waliohamia na Wanubi. Kiswahili kinatukutanisha, ila si wote wanakimudu sawa, hasa akina mama wazee. Baada ya kila azimio mtu alirudie kwa lugha ya wengi waliopo. Bila hivyo wataitikia kwa heshima, na siku ya kazi hawataonekana, kwa sababu hawakujua wamekubali nini. Asiyeandika atie dole gumba kwenye mahudhurio. Wewe mgeni, kila mkubwa kwako muite mzee au mama hata kama umemzidi cheo kazini, na vikao viwili vya mwanzo omba kumsaidia katibu kuandika badala ya kutoa mapendekezo. Anayeandika hung'amua mapema nani hutimiza na nani husema tu.

Siku ya kazi: mfano wa chemchemi

Mradi unaowafaa wanaoanza ni kujengea chemchemi, kwa kuwa vifaa vingi viko kijijini na kila nyumba inafaidika. Pia ndio unaoharibiwa mara nyingi na watu wenye nia njema.

Pimeni maji mwishoni mwa kiangazi, Januari au Februari, siyo Aprili mvua ikinyesha. Chukueni jerikani ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 200, hiyo ni lita moja kila sekunde 10. Kwa saa 12 za mchana mtapata lita 4,320, yaani jerikani 216. Nyumba moja ikichota jerikani nne kwa siku, zinatosha nyumba 54. Kijiji kikiwa na nyumba 150, semeni ukweli mapema, msije mkazindua foleni.

Kabla ya jembe la kwanza, pateni maandishi ya mwenye ardhi, mke au mume wake naye atie saini, LC1 ashuhudie. Yataje chemchemi yenyewe na njia ya kuifikia. Njia ndiyo husahaulika: miaka miwili baadaye inalimwa mihogo na watu wanakosa pa kupita. Angalieni pia vyoo vya shimo. Kisiwepo hata kimoja ndani ya mita 30, hasa upande wa juu.

Fundi alipwe. Klabu nyingi humwomba fundi ajitolee kama wengine, akapata kibarua cha kulipwa Jumatatu, akaacha saruji imefunguliwa na ukuta umefika nusu. Wanaojitolea wachimbe, wabebe mawe, wachote mchanga na kupika. Watu 15 hadi 20 kwa zamu moja wanatosha. Zaidi ya hapo wanasimama na kutoa amri.

Chimbeni kufuata maji mpaka mlifikie jicho lenyewe, pale yanapotokea ardhini, mkiyaachia mfereji wa muda yaendelee kutoka. Msiyazuie hata kwa saa moja, kwani yakikosa njia hutafuta nyingine ardhini na huenda yasirudi. Kosa linaloua chemchemi nyingi ni bomba kuwekwa juu kuliko jicho ili jerikani ienee chini yake. Maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanasukuma, kisha yanatokea pembeni mita kumi mbali. Bomba liwe chini ya usawa wa jicho. Nafasi ya jerikani, sentimita 50 hivi, ipatikane kwa kuchimba sakafu iende chini. Nyuma ya ukuta jazeni mawe yaliyooshwa, kisha kokoto, juu yake udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na karatasi ya plastiki, halafu udongo wa kawaida na majani. Upande wa juu chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, mzungushe ua ng'ombe wasiingie. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) limwagiliwe na kufunikwa magunia kwa siku saba. Mwandikeni mtu wa kumwagilia kila siku kwa jina, kwa sababu siku ya tatu kila mmoja hudhani mwenzake amekwenda.

Chakula cha watu 30 wanaofanya kazi ngumu ni unga wa mahindi wa posho kilo 9 au 10, maharage makavu kilo 4, mafuta, chumvi na vitunguu. Uji wa saa tatu uwe pembeni. Maharage yalowekwe usiku, la sivyo yataiva watu wameshaondoka. Anzeni saa moja asubuhi, saa saba mle.

Kwa anayetaka huduma isiyohitaji saruji: kuandaa siku ya kuchangia damu pamoja na huduma ya taifa ya damu. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, kwa hiyo damu hupungua shule zikifungwa. Siku iliyopangwa ndani ya likizo, karibu na soko, ina faida kuliko ile ya katikati ya muhula.

Mnada na ahadi

Hapa, kwenye kuchangisha pesa za miradi, ndipo klabu hujengeka au kuvunjika. Angalieni kwanza kalenda. Mwanzo wa Februari, mwisho wa Mei na Septemba ni karo. Hakuna mwenye shilingi ya ziada. Nafasi ni Julai na Agosti, mahindi na maharage ya msimu wa kwanza yakishauzwa, na siku za mwanzo za Desemba. Barua ya taarifa ifike kwa LC1 na kituo cha polisi mapema, mbaki na nakala yenye muhuri.

Gharama za siku yenyewe, yaani hema, viti, spika, soda na usafiri wa mgeni rasmi, zisizidi robo ya pesa taslimu mnazotegemea. Nimesema taslimu. Klabu inayotarajia shilingi 3,000,000 mara nyingi huondoka na 900,000 mkononi na ahadi zinazobaki, na kama hema na spika zimekula 700,000, mmefanya sherehe tu.

Mnada wa vitu vya nyumbani ndio wenye faida, kwa vile mtaji wake ni zawadi za wanachama: jogoo, mkungu wa matoke, trei za mayai, mbuzi mmoja, keki. Mnadi awe mchangamfu anayejua lugha tatu na anayejua majina ya watu. Aanze chini ya bei ya soko, aongeze kwa 1,000 au 2,000. Akianzia juu watu hunyamaza, na ukimya ukishaingia hautoki. Kitu chema kama jogoo kiuzwe mara mbili au tatu, mnunuzi akikirudisha kwa klabu. Kuna mnada ambao mshindi peke yake hulipa, na kuna ule ambao kila anayepandisha bei hutoa nyongeza yake papo hapo. Wa pili huleta pesa nyingi, lakini usipotangazwa mwanzoni, na ukarudiwa kwa kila lugha, mtagombana na mzee aliyepandisha mara nne akidhani anacheza. Vyakula vya Waislamu viwekwe mbali na nguruwe, na mbuzi wa kuchoma achinjwe na anayestahili. Mkilipuuza hilo mmepoteza nusu ya mtaa.

Mgeni rasmi atachelewa. Anzeni bila yeye, mkiweka kando vitu viwili vizuri vya kunadiwa akifika. Wanasiasa wana pesa, lakini sheria ya uchaguzi wa wabunge inamkataza mgombea kutoa michango wakati wa kampeni, kwa hiyo miezi hiyo msimwalike yeyote anayegombea. Wakati mwingine wowote mwanasiasa atajwe kwenye orodha sawa na wengine, wala fulana zake zisivaliwe na wanachama.

Mezani wakae waandishi wawili, kila mmoja na daftari lake, wakiandika jina, kitu, kiasi, taslimu au ahadi, na namba ya simu. Risiti ziwe na namba mfululizo na karatasi ya kaboni. Pesa zihesabiwe na watu watatu mbele ya waliobaki, jumla itangazwe, karatasi isainiwe na wote watatu pamoja na mtu mmoja asiye mwanachama, tuseme mwalimu au imamu. Mkifanya shughuli Jumamosi, pesa zinalala nje ya benki mpaka Jumatatu, na ni siku hizo mbili zinazozaa maneno. Zipelekeni kwa wakala wa benki jioni ile ile. Wakala akiwa amefunga, tumieni sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne.

Michango ya simu isipokelewe kwenye laini ya mhazini. Laini hiyo ni yake; akihama, akigombana nanyi au akifa, pesa zimekwenda naye. Fungueni namba ya malipo kwa jina la klabu. Na mkumbuke kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu: kwenye 1,000,000 ni shilingi 5,000, mbali na ada ya kampuni. Iandikeni kama gharama, la sivyo hesabu haitafungana na mtu ataulizwa bure.

Ndani ya wiki moja bandikeni karatasi iliyoandikwa kwa mkono kanisani, msikitini na kwenye duka linalouza sukari: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, ahadi zisizolipwa kwa jumla bila majina. Ahadi zifuatwe ndani ya siku 14, kwa miguu, na mtu anayeheshimiwa na aliyeahidi. Ujumbe wa simu haumtoi mtu shilingi. Pokea hata sehemu, uandike risiti. Baada ya siku 60 ifuteni ahadi kwenye hesabu na msimsome mtu hadharani. Huenda alisema 200,000 kwa sababu jirani yake alisema 150,000, na Desemba mtamhitaji tena, walau aje na mkungu wa matoke.