Kwa kijana wa Panari anayetaka kuwa kocha wa hoki Marekani

Sijui nani anayewaambia kwamba kocha msaidizi wa hoki ya barafu kwenye chuo cha Marekani anakula kuku kwa mrija. Mmeona picha ya mtu kavaa tai nyuma ya benchi, basi, tayari ameomoka, na harambee inapangwa ili kijana aliyejifunza kuteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Nairobi, naye aje. Mdogo wangu umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye makaratasi.

Tai ni ya Ijumaa na Jumamosi usiku, kwenye mechi. Siku nyingine ni kukata video hadi macho yawashe, na kusaka vipaji: mechi tatu nne kwa siku kwenye viwanja vya baridi, ukitazama wavulana wa miaka 16 hadi 20 wa ligi za vijana kama USHL ya Marekani. Humtazami mwenye paki, kile kisahani cha raba. Unamtazama beki anayeifuata kwenye kona: kabla hajaigusa, ametupa jicho nyuma ya bega mara ngapi? Mara mbili, andika jina. Hakutazama kabisa, akabamizwa ukutani, mwache. Uwanja kamili huku ni mita 61 kwa 26. Wa Panari ni mdogo, kwa hiyo jicho lako litahitaji kufundishwa upya.

Ukimpenda, huruhusiwi kuzungumza naye mpaka Januari 1 ya mwaka wake wa pili wa sekondari, wala kumwahidi nafasi mpaka Agosti 1 kabla ya mwaka wa tatu. Hata ukishampata, tangu Agosti 2025 wachezaji wa ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni, na vyuo vilivyoingia mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 26. Kijana uliyemfukuzia miaka miwili anapokonywa nafasi na jitu la miaka 20 kutoka Ontario, na mama yake anakupigia wewe.

Sasa makaratasi. Wengi huingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, wakisoma shahada ya pili huku wakimsaidia kocha. Muhula ukiendelea, kikomo ni saa 20 za kazi kwa wiki, na hoki haimaliziki kwa saa 20. Usidanganyike kwamba zinazozidi ni za kujitolea: kazi ile ile unayolipwa ukiifanya bure bado ni kazi, na hadhi yako ya viza inaharibika. Ukihitimu unapata miezi 12 ya kufanya kazi. Baada yake chuo kikuombee H-1B, viza ya kazi. Vyuo vikuu havipitii bahati nasibu ya viza hizo, hilo ni kweli, ila idara ya michezo haipendi kulipa mawakili kwa ajili ya mtu wa mkataba wa mwaka mmoja. Aliye nje ya nchi ndiyo basi: Septemba 2025 ilitangazwa tozo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B.

Na ukishaipata H-1B? Kocha mkuu akitimuliwa Machi, wasaidizi mara nyingi hutoka naye. Mwenye pasipoti ya huku anarudi kwao kulala. Wewe una siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadilisha viza au kuondoka. Mkutano wa makocha kule Florida, ambako nafasi nyingi huzungumzwa, huwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukifika, nusu ya siku zako zimeliwa. Yaani kukaa kwako nchini kunategemea kipa wa miaka 21 amelalaje Alhamisi.

Kwa hiyo usije. Shamba lisiuzwe, na mama asiahidiwe pesa za kila mwezi, maana posho ya msaidizi anayesoma inaishia kwenye kodi ya nyumba na nauli.

Lakini ukija, na najua utakuja, omba shule kwanza, hoki baadaye. Muulize kocha kwa maandishi: chuo kimewahi kumwombea kocha H-1B? Akijibu "tutaona", jibu ni hapana. Kenya iliingia IIHF, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, mwaka 2024, basi fundisha watoto hapo nyumbani ukiwa unasubiri, na uweke kumbukumbu ya kila zoezi. Halafu kata dakika kumi za video ya mabeki tu, mechi yoyote, uandike chini ya kila kipande alichopaswa kuona kabla hajaigusa paki. Nitumie hiyo. Picha za viatu vya barafu baki nazo.